Sukari ya Panya Imeshuka. Imeshukaje?

Mwaka 2011 barabara ya vumbi iendayo Samunge, Loliondo, ilibeba magari ambayo haikuwahi kuyaona. Mabasi ya mikoani, malori yaliyotandikwa magodoro, mashangingi ya wakubwa. Wenye uwezo zaidi walishuka kwa helikopta. Wote walimfuata mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Kikombe kimoja cha dawa ya mizizi kiliuzwa shilingi 500, unakunywa mara moja, basi. Kisukari kilikuwa katika orodha ya magonjwa aliyosema kinatibu, pamoja na Ukimwi, saratani, pumu na shinikizo la damu. Wapo waliorudi makwao wakaziweka kando dawa za hospitali.

Wataalamu walipoufuatilia mti wenyewe, ulikuwa mti unaojulikana. Ni jamii ya Carissa, kichaka chenye miiba na vitunda vidogo vyeusi ambavyo watoto wa wafugaji huvila wakiwa machungani. Wamasai huuita olamuriaki. Katika kelele zote za mwaka ule, sikumbuki gazeti lililowaambia wasomaji kwamba mti huo ulikuwa umeshapita maabara, na uliyempitia alikuwa panya.

Miaka 15 kabla ya Samunge, yaani mwaka 1996, watafiti wa Misri walichapisha jaribio katika jarida la Journal of Ethnopharmacology. Walichukua majani ya Carissa edulis na mbegu za dodoki, hilihili dodoki tunalosugulia mwili bafuni, wakatengeneza dondoo kwa alkoholi, wakawanywesha panya. Panya waliokuwa wamefanywa wagonjwa wa kisukari, sukari yao ilishuka katika saa tatu za mwanzo. Panya wazima, haikushuka kwa kiasi cha maana. Na katika mimea ile miwili, uliotia fora ni dodoki: nguvu yake katika saa hizo ilikaribiana na ya metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari hapa kwetu hukimeza kila siku. Hakuna aliyepanga foleni kwa ajili ya dodoki.

Angalia pia tofauti zilizopo. Wamisri walitumia majani, Babu alitumia mizizi. Wao waliloweka kwenye alkoholi, yeye alichemsha kwa maji. Wao walipima saa tatu, yeye aliahidi uzima kwa kikombe kimoja. Kwa hiyo jaribio lile halikumthibitisha Babu wala halikumkanusha. Lilisema jambo dogo tu kuhusu panya, majani na saa tatu, na anayetaka kulitumia kwa jambo kubwa kuliko hilo ana kazi ya kufanya kwanza.

Majaribio ya aina hii yamejaa majaridani. Taja mmea wowote ambao wazee wetu au mwenye duka la dawa za asili hukupa ukimwambia una sukari: mlonge, mwarobaini, mshubiri, karela, mtukutu, uwatu, mdalasini, kokwa za zambarau. Karibu kila mmoja una panya wake aliyenyweshwa mahali fulani, India, Nigeria, Misri, Brazil, au hapa jirani katika Chuo Kikuu cha Kenyatta, na mara nyingi ripoti husema sukari ilishuka. Kama kushuka huko kungekuwa ushahidi wa kutosha, kliniki za kisukari zingekuwa zimefungwa siku nyingi. Hoja yangu ni kwamba tumezoea kuuliza swali jepesi, je, sukari imeshuka, na kuliacha lile gumu: imeshukaje?

Ili kuelewa kwa nini swali la pili ndilo lenye uzito, inafaa kuingia chumba cha wanyama na kutazama kazi inavyofanyika.

Kazi huanza shambani au porini. Tawi moja la mmea hukaushwa, hubandikwa kwenye karatasi na kupelekwa kwa mtaalamu wa mimea alithibitishe jina, kwa kuwa mganga wa Tanga na mganga wa Bukoba wanaweza kutumia jina moja kwa miti miwili isiyo na undugu. Majani huanikwa kivulini, si juani, yasiungue. Yakikauka husagwa, unga huloweshwa kwenye maji au alkoholi, huchujwa, kisha kimiminika hukaushwa taratibu mpaka kibaki kitu kizito, cheusi au cha kijani iliyoiva, kinachonata kwenye chupa. Hiyo ndiyo dondoo. Gramu 100 za majani makavu zinaweza kutoa gramu 10 hivi, na hesabu hiyo iwekeni akilini, tutairudia.

Panya wenyewe ni weupe, wenye macho mekundu, mara nyingi wa ukoo uitwao Wistar, uzito wa gramu 150 hadi 250. Kwa asili hawana kisukari, hutiwa. Usiku mmoja chakula huondolewa na maji hubaki. Asubuhi hudungwa streptozotosini, kati ya miligramu 40 na 65 kwa kila kilo ya uzito, ikiwa imeyeyushwa dakika hiyohiyo katika kimiminika chenye uchachu maalumu, kwa sababu dawa hiyo ikikaa huharibika. Inapoingia mwilini hutafuta seli beta za kongosho, zile zinazotengeneza insulini, na kuziua. Seli zinazokufa humwaga insulini yote zilizokuwa nayo kwa mkupuo mmoja, sukari huporomoka, na panya anaweza kufa usiku huo kwa kukosa sukari kabla hajawa mgonjwa wa sukari nyingi. Ndiyo maana chupa zao za maji hutiwa glukosi usiku wa kwanza.

Baada ya siku tatu hivi dalili huwa hazijifichi. Panya hunywa maji bila kukoma, na maranda ya mbao waliyotandikiwa hulowa mkojo kiasi cha kubadilishwa kila siku. Tone la damu huchukuliwa kwenye ncha ya mkia na kupimwa kwa glukomita, mashine ileile inayouzwa dukani kwa ajili ya binadamu. Maabara nyingi humkubali panya akivuka miligramu 250 kwa desilita, yaani karibu 14 kwa kipimo tulichokizoea hospitalini. Asiyefika hapo huondolewa kwenye jaribio.

Kisha hupangwa makundi, kila kundi panya watano au sita. Wapo wazima wasioguswa. Wapo wagonjwa wanaopewa maji tu. Wapo wagonjwa wanaopewa dawa ya hospitali, kwa kawaida glibenklamidi au metformini. Na wapo wagonjwa wanaopewa dondoo, dozi ndogo, ya kati na kubwa. Kila asubuhi, kwa siku 14, 21 au 28, panya hukamatwa, na mrija wa chuma wenye ncha ya mviringo huteremshwa kooni hadi tumboni ili dawa isipotee njiani. Mwishoni huuawa akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kongosho hukatwa vipande vyembamba, hupakwa rangi na kutazamwa kwa hadubini.

Kuna jambo moja ambalo ripoti haziliandiki, nalo ni mikono. Panya akishtuka, homoni za woga humpandishia sukari. Mtumishi wa chumba cha wanyama aliyefanya kazi hiyo kwa miaka, anayemshika panya bila papara, hupata vipimo vilivyotulia. Mwanafunzi aliyeanza juzi, ambaye yeye na panya wanaogopana, hupata namba zinazorukaruka. Kwa panya watano katika kundi, woga wa wawili unatosha kuharibu wastani.

Sumu yenyewe inayotumika kuwatia ugonjwa ina hadithi ambayo husaidia kuona udhaifu wa jaribio zima. Ya kwanza kujulikana ilikuwa aloksani. Mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, John Shaw Dunn na wenzake huko Glasgow walikuwa wakichunguza jinsi figo zinavyoharibika kwa watu waliofukiwa na vifusi vya majengo yaliyolipuliwa. Katika kujaribu kemikali mbalimbali kwa sungura walidunga aloksani, wakakuta kilichokufa zaidi ni zile seli za kongosho. Streptozotosini nayo ilitafutwa kwa nia nyingine kabisa: ni antibayotiki iliyotokana na bakteria wa udongo wa jimbo la Kansas, Marekani. Mwaka 1963 ndipo ilipochapishwa habari kwamba inawatia mbwa na panya kisukari.

Sumu zote mbili huingia kwenye seli kwa kupitia mlango wa glukosi, na mlango huo ni mwingi mno kwenye seli beta za panya. Za binadamu zina milango michache ya aina hiyo, na ndiyo sababu kongosho letu huzistahimili sumu hizo kuliko la panya. Kwa maneno mengine, ugonjwa wanaopewa panya wetu ni ugonjwa wa kushambuliwa usiku mmoja, unaofanana zaidi na kisukari cha aina ya kwanza, kile cha watoto na vijana ambao insulini imewaisha. Wagonjwa wengi wanaotumia mitishamba si hao. Ni mama wa miaka 55 ambaye kongosho lake bado linatoa insulini, ila mwili umeacha kuitii, taratibu, kwa miaka kumi ya kunenepa, ya kukaa kitako na ya kurithi. Zipo njia za kumkaribia: kumlisha panya mafuta kwa wiki kadhaa kisha kumdunga dozi ndogo ya sumu, au kununua panya waliozaliwa na kasoro hiyo kwenye vinasaba. Ya kwanza inakula muda, ya pili inakula fedha. Vyuo vyetu vingi hurudi kwenye sindano moja.

Sasa tuseme jaribio limekwisha na sukari imeshuka. Imeshukaje?

Nianze na glibenklamidi, ile dawa ya hospitali inayowekwa ili dondoo ilinganishwe nayo. Dawa hii hufanya kazi kwa kuzibana seli beta zitoe insulini. Kama sumu imeziua zote, glibenklamidi inambana nani? Hata hivyo ripoti nyingi huonyesha imeteremsha sukari vizuri tu kwa panya hao. Maana yake ni kwamba seli hazikufa zote. Panya walikuwa nusu wagonjwa, na mmea ulijaribiwa kwa wanyama ambao bado walikuwa na akiba. Hilo si kosa, mradi lisemwe. Mara nyingi halisemwi.

Halafu panya hupona wenyewe. Si wote, na si kabisa, lakini waliopewa aloksani hasa wanaweza kuanza kurudisha seli wiki chache baadaye. Ikiwa kundi la wagonjwa wasiopewa dawa halikupimwa hadi siku ya mwisho, mmea hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na kongosho.

Chakula nacho. Dondoo nyingi za miti yetu ni chungu, nyingine huchafua tumbo. Panya aliyekorogwa tumbo hali, na asiyekula sukari yake hushuka. Mimi nikisoma ripoti isiyoonyesha panya walikula gramu ngapi kwa siku na uzito wao ulikwendaje, huifunga hapo. Uwatu una habari tofauti kidogo: mbegu zake zina ute mwingi, na ute huo hupunguza kasi ya sukari kutoka utumbo kuingia damuni. Hiyo ni kazi ya kweli na ya manufaa, ila haina uhusiano na kongosho, na haimsaidii mtu anayeumeza saa nne baada ya ugali.

Njia ya mwisho ndiyo inayoogopesha. Ini ndilo ghala na kiwanda cha sukari mwilini, na ini likiathirika, sukari inaweza kushuka. Huko Jamaika watu hula tunda liitwalo ackee, asili yake Afrika Magharibi. Likiliwa bichi huleta kutapika, degedege na kifo, na kwa miaka mingi watoto walikufa bila watu kujua sababu. Katika miaka ya 1950 wanakemia wa huko walitenga ndani yake kemikali wakaiita haipoglisini, jina lililotokana na jinsi ilivyowaporomosha sukari wanyama wa maabara. Kemikali hiyo huzuia mwili kuchoma mafuta na kulizuia ini kutengeneza glukosi. Ukiijaribu kwa panya na kutazama glukomita peke yake, utaona dawa bora ya kisukari.

Kwa hiyo jaribio la kweli ni lile linalopima na vitu vingine: vimeng'enya vya ini, figo, insulini yenyewe kwenye damu, glikojeni iliyohifadhiwa, chakula, uzito. Na likishapima hayo yote kwa panya, bado halijamgusa mtu.

Kuhusu hatua hiyo ya mtu, mfano mzuri hatuhitaji kuutafuta ng'ambo. Muhimbili ina Taasisi ya Tiba Asilia, iliyoanza mwaka 1974 kama kitengo cha utafiti na kuwa taasisi kamili mwaka 1991. Profesa Mainen Moshi na wenzake walikuwa wakiuchunguza Phyllanthus amarus, mmea mdogo wa magugu unaoota hata kwenye nyufa za saruji na unaotajwa kwa kisukari katika nchi nyingi za joto. Waliujaribu kwanza kwa sungura. Kisha wakafanya ambalo wengi huishia njiani kabla ya kulifikia: wakawapa wagonjwa wa kisukari cha aina ya pili dondoo ya maji ya mmea huo kwa wiki moja, wakapima sukari kabla ya kula na baada ya kula. Haikushuka, si kabla wala baada. Wakaichapisha habari hiyo mwaka 2001, kavu kama ilivyo.

Sijui kama tuliwahi kuwapongeza. Matokeo ya "hapana" hayaleti waandishi wa habari wala mwekezaji, lakini yalimwokolea mgonjwa fedha na muda. Brazil walifanya kama hivyo kwa zambarau, mti ambao Zanzibar na Tanga umejaa, na ambao kokwa zake zilishatumiwa Ulaya kwa kisukari kabla insulini haijapatikana. Watafiti wa Porto Alegre walichemsha majani yake kama chai, kama watu wa kwao wanavyofanya, wakawapa panya na kisha watu, wengine wakapewa chai bandia na wengine glibenklamidi. Waliopewa glibenklamidi walishuka sukari. Chai ya zambarau haikuonyesha kitu. Mtu wa pwani atasema, na ana haki, kwamba sisi hatutumii majani, tunasaga kokwa. Basi kokwa nazo zipewe wagonjwa kwa utaratibu uleule, na atakayechapisha jibu atuambie hata likiwa hapana.

Msomaji asidhani nadharau miti. Metformini, kidonge nilichokitaja mwanzoni, mzazi wake ni mmea. Galega officinalis ni majani ya Ulaya yenye maua ya zambarau, ambayo tangu enzi za kati yalitumiwa kwa watu wanaokojoa sana na kuona kiu isiyokwisha. Mwaka 1891 yalipelekwa Utah, Marekani, yawe malisho ya mifugo. Yakageuka magugu, tena magugu yenye sumu, kondoo akila mengi hufa. Ndani yake mna galegini, ndugu wa kemikali iitwayo guanidini. Mwaka 1918 ilionekana kwamba guanidini huteremsha sukari ya wanyama, lakini ni sumu. Miaka ya 1920 Wajerumani walitengeneza dawa ya jamii hiyo, Synthalin, wagonjwa wakaitumia, ini likaharibika, ikaachwa.

Wakati huohuo ndugu mpole alikuwa ameshazaliwa. Metformini ilitengenezwa Dublin mwaka 1922 na Emil Werner na James Bell, na mwaka 1929 watafiti Slotta na Tschesche wakaonyesha kwamba huteremsha sukari ya sungura. Unadhani dunia iliruka kwa furaha? Ilisahaulika. Insulini ilikuwa mpya na kila mtu alikuwa anaitazama hiyo. Ilipita karibu miaka 30. Daktari wa Ufilipino, Eusebio Garcia, aliitumia kwa wagonjwa wa mafua akaandika kwamba sukari yao ilishuka, na Jean Sterne wa Paris, akiwa amesoma habari hiyo, akaijaribu kwa wagonjwa wa kisukari na kuchapisha matokeo mwaka 1957. Uingereza waliipokea mwaka uliofuata. Marekani ilianza kuuzwa mwaka 1995. Tangu sungura wa 1929 hadi duka la dawa la Marekani ni miaka 66, na sehemu ya muda huo ilikwenda kwenye lile swali la imeshukaje na kwa gharama gani, maana dawa nyingine ya ukoo huohuo, fenformini, iliondolewa sokoni miaka ya 1970 kwa kuwatia wagonjwa asidi kwenye damu na kuwaua baadhi yao.

Gome la mtofaa lina safari ndefu zaidi. Florizini ilitengwa humo mwaka 1835, mtafiti von Mering akaonyesha katika miaka ya 1880 kwamba huwafanya wanyama kukojoa sukari, na dawa mpya za kisukari zinazotoa sukari kwenye mkojo kwa njia hiyohiyo ya figo hazikufika sokoni hadi muongo wa 2010.

Safari ninayoipenda kuliko zote, hata hivyo, ni ya mmea ulioshindwa. Mtaa wowote wa Dar es Salaam au Mombasa una ua dogo la pinki au jeupe, petali tano, linaloota bila kupandwa kando ya kuta na makaburini. Kwao ni Madagaska. Wanasayansi huliita Catharanthus roseus. Jamaika walilinywa kama chai ya kisukari. Mwaka 1952 daktari mmoja wa huko alituma bahasha ya majani Kanada kwa Clark Noble, aliyekuwa amefanya kazi na kundi la Banting lililoleta insulini. Noble alikuwa amestaafu, akampa ndugu yake Robert, mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario.

Robert Noble aliwanywesha wanyama wa maabara chai ile. Sukari haikutikisika. Mwingine angeandika "haifanyi kazi" na kufunga daftari. Yeye alidunga dondoo kwenye mshipa, na wanyama wakafa baada ya siku chache, miili imejaa majipu. Aliuliza wamekufa kwa nini. Ikaonekana chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimepungua mno, na uboho wa mifupa umedhoofika. Kitu kinachoangusha chembe nyeupe kinaweza kumfaa mtu ambaye chembe hizo zimezidi kiasi, yaani mgonjwa wa saratani ya damu. Yeye na Charles Beer wakaitenga vinblastini mwaka 1958. Kampuni ya Eli Lilly, ambayo nayo ilikuwa ikilichunguza ua hilohilo, ikapata na ndugu yake vinkristini. Vinkristini mpaka leo hutundikwa kwenye dripu za watoto wenye saratani ya damu, Muhimbili ikiwamo. Ilipatikana kwa sababu mtu alijali kilichowaua wanyama wake.

Turudi kwenye zile gramu. Dozi inayotajwa sana katika ripoti za panya ni miligramu 500 za dondoo kwa kilo. Mtu hapigiwi hesabu kwa kuzidisha kilo zake tu, kwa kuwa mwili mdogo huchoma dawa haraka kuliko mkubwa. Kanuni inayotumiwa zaidi hugawanya dozi ya panya kwa 6.2. Mtu wa kilo 60 angehitaji karibu gramu 4.8 za dondoo kavu kwa siku. Kama majani gramu 100 hutoa dondoo gramu 10, hizo ni gramu 48 za majani makavu kila siku ya Mungu. Kifuko kimoja cha chai cha dukani kina gramu mbili hivi. Anayeuza vifuko vya majani ya mlonge kwa kutaja utafiti wa panya amwambie mteja anywe 24 kwa siku, au aache kuutaja utafiti.

Neno "salama" kwenye karatasi ya tangazo lina upungufu wa aina hiyohiyo. Mara nyingi maana yake ni kwamba panya wachache walinyweshwa dozi moja kubwa, pengine miligramu 5,000 kwa kilo, wakatazamwa siku 14, hawakufa. Kisukari si ugonjwa wa siku 14. Na mgonjwa wetu hanywi dondoo peke yake. Asubuhi amemeza glibenklamidi ya hospitali, mchana anaongeza kikombe cha mizizi, na kama mizizi ina nguvu kweli ndipo hatari inapoanza, jasho, kizunguzungu, kuzimia. Mbaya zaidi ni pale "nguvu ya mti" inapokuwa kidonge kilichosagwa. Singapore, mwaka 2008, watu 150 wasiokuwa na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka vibaya baada ya dawa haramu za nguvu za kiume na za asili kukutwa na glibenklamidi ndani. Wanne walikufa.

Kinachokwamisha mambo kwetu si upungufu wa miti, wala wa wanafunzi wenye bidii. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ana mwaka mmoja na fedha kidogo. Zinamtosha panya 30, chupa moja ya streptozotosini na vijiti vya glukomita. Hazimtoshi kutengeneza dondoo yenye kipimo kilekile kila mara, wala kuwafuatilia wagonjwa 100 kwa miezi sita kwa kundi la kulinganishia, wala kulipia vibali. Kampuni ya dawa haimsaidii, kwa kuwa mlonge hauna hataza na kila mtu anaweza kuuotesha nyuma ya nyumba. Kazi hiyo ingekuwa ya serikali na mashirika ya utafiti, na ingehitaji kuchagua: mimea mitatu au minne, ifuatiliwe mpaka kwa mgonjwa, badala ya arobaini inayoishia mkiani mwa panya. Kanuni za kuwahurumia wanyama wa maabara, ambazo watafiti Russell na Burch waliziandika tangu 1959, zinadai hivyohivyo: wanyama wapunguzwe, na wasitumiwe pale ambapo jibu tayari lipo.

Kwa sasa tasnifu huandikwa, sentensi ya mwisho husema utafiti zaidi unahitajika, mwanafunzi huvaa joho na kuhitimu. Muhula unaofuata anakuja mwingine na mmea wa kijijini kwao, chumba cha wanyama kinatandikwa maranda mapya, na msimamizi anaagiza panya wengine 30.